Kujenga mwenyewe ukuta wa matofali ya kuchoma, kwa jua na upepo wa Dodoma

Chukua msumari ukwaruze viungo vya kuta za uani mitaa ya Nkuhungu, Chang'ombe au Mkonze. Kwenye nyingi mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoshika matofali) inamwagika kama unga. Lawama humwangukia fundi kwamba aliiba saruji, na wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi saruji ilitosha na kilichokosekana ni maji. Tofali kavu lilinyonya maji kwa chini, upepo ukayachukua kwa juu, mota ikakauka kabla haijashika. Saruji inakuwa ngumu kwa kuungana na maji. Maji yakiondoka mapema, ugumu wake unaishia hapo hapo, na hata ukimwagilia baada ya mwezi hautarudi.

Kwa hiyo maelezo haya yatarudi kwenye maji mara kwa mara. Mengine ni vipimo na subira.

Ukuta tunaoujenga una urefu wa mita 6, kimo cha mita 1.2 juu ya ardhi, na unene wa tofali zima, yaani sentimita 23. Kwa unene huo na kimo hicho unasimama bila nguzo. Ukuta wa nusu tofali (sentimita 11) wa kimo hicho hicho usiujenge bila nguzo, maana upepo wa kiangazi una nguvu ya kuulaza. Na ukitaka kupita mita moja na nusu, hapo zinaingia nguzo za nondo na hesabu nyingine, mwite fundi. Dodoma iko jirani na Bonde la Ufa na matetemeko madogo yanasikika mara kwa mara, kwa hiyo ukuta mrefu mwembamba ni hatari kwa watoto wanaocheza chini yake.

Kabla ya kushika sururu, tafuta bikoni (alama za mpaka) za kiwanja chako na uhakikishe msingi wote, pamoja na upana wake wa chini ya ardhi, uko upande wako. Pita Halmashauri ya Jiji uulize kuhusu kibali kama ukuta uko mpakani au unatazama barabara. Zungumza na jirani pia. Ukuta uliovunjwa kwa amri unauma kuliko ulioanguka.

Vifaa na kiasi chake

Matofali ya kuchoma hayana kipimo kimoja, kila mpigaji ana kalibu yake. Hesabu hizi ni za tofali la sentimita 23 kwa 11 kwa 7, na kiungo cha sentimita 1. Kila kozi, yaani tabaka moja la matofali, ya mita 6 inakula matofali 50. Tuna kozi 15 juu ya ardhi na 5 chini, jumla matofali 1,000. Ongeza ya kuvunjika na ya kutupa, uagize 1,150. Kama tofali lako ni kubwa zaidi, lipange chini bila mota, hesabu yanayoingia kwenye mita moja, kisha zidisha.

- Saruji: mifuko 9 ya kilo 50 (4 ya zege la msingi, 4 ya kujengea, 1 ya kofia, yaani vipande vya zege vya kufunika juu ya ukuta)
- Mchanga: mita za ujazo 1.5
- Kokoto: mita 1 ya ujazo
- Maji: tangi la lita 1,000 lililojaa kabla hujaanza, na uhakika wa kulijaza tena

Usishangae kuhusu maji. Tofali moja kavu linaweza kunywa karibu nusu lita. Zidisha kwa elfu moja na zaidi uone. Zege na mota vinataka lita 250 hivi, halafu kuna wiki nzima ya kumwagilia. Mtu anayeanza na madumu manne ya lita 20 ataanza kubana matumizi siku ya pili, na ukuta utaonyesha. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo si machache Dodoma, yatumie kufulia au kuoshea vyombo vya kazi. Kwenye mota yanaacha chumvi nyeupe juu ya matofali, na kama kuna nondo yanaila.

Saruji usiinunue yote siku moja. Chukua mifuko 4 ya msingi, mingine uifuate ukifika kwenye ukuta, na uiweke juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mfuko wenye mabonge ambayo hayavunjiki kwa vidole urudishe dukani.

Vyombo: mwiko, karai mbili, koleo, sururu, toroli, timazi, pima maji ya angalau sentimita 60, futi kamba, kamba ya nailoni, nyundo na patasi, pipa la kuloweshea, chekeche la mchanga, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani wenye urefu wa mita 10. Vaa buti na glavu za mpira. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, na unagundua jioni.

Kuchagua tofali na mchanga

Nenda mwenyewe kwenye tanuri. Matofali yaliyokuwa pembeni na juu kabisa huwa hayajaiva: yamepauka, na ukiyagonga yanatoa sauti ya bonge la udongo. Yaliyokaa jirani na moto yamepinda na kuwa meusi. Unayoyataka ni ya katikati, mekundu sawasawa. Gonga mawili, yalie kama chuma. Liachie moja lianguke kutoka kifuani kwenye ardhi ngumu. Lisivunjike vipande vingi. Lingine ulilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kingo zake ziwe kali bado, na maji yasiwe uji. Angalia pia kwamba matofali mawili yakisimama bega kwa bega na nafasi ya sentimita 1 katikati, upana wao unalingana na urefu wa tofali moja. Lisilolingana hivyo litakusumbua kila kozi.

Mchanga wa makorongo unaouzwa Dodoma mara nyingi ni mzuri, ila baadhi umechanganyika na tope. Jaza mchanga kwenye chupa ya maji iliyo wazi kwa macho, kimo cha sentimita 12, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa sana, iache saa tatu. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi sentimita 1, mchanga huo una udongo mwingi mno: mota itapasuka ikikauka na haitashika tofali vizuri. Tafuta mwingine.

Msingi

Kwanza angalia ardhi. Udongo mwekundu wenye kichanga, ule mgumu unaoukataa mdomo wa jembe wakati wa kiangazi, unabeba ukuta huu bila shida. Lakini kama kiwanja chako kiko mbugani, penye udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono ifikapo Septemba, simama. Udongo huo unavimba masika na kusinyaa kiangazi, unaunyanyua ukuta na kuushusha kila mwaka, na hakuna uwiano wa saruji utakaouzuia. Hapo msingi unakwenda chini zaidi, unawekwa nondo, au udongo wenyewe unaondolewa na kujazwa moramu iliyoshindiliwa. Pata ushauri wa mhandisi.

Kwa udongo mwekundu, chimba mtaro wa urefu wa mita 6.4, upana sentimita 60, kina sentimita 60. Piga vigingi viwili kila mwisho, nje ya mtaro, ufunge kamba za mstari wa ukuta ili ukichimba usipoteze mstari. Kama ukuta unakutana na nyumba kwa pembe mraba, pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya ncha hizo uwe mita 5 kamili. Sakafu ya mtaro iwe bapa na ngumu. Ukichimba zaidi mahali fulani, usirudishe udongo, jaza zege.

Usawa wa sakafu usiupime kwa macho. Jaza maji kwenye mpira, toa mapovu yote ya hewa, mmoja ashike mwisho huu na mwingine ule. Maji kwenye ncha mbili hukaa usawa mmoja siku zote. Piga vijiti kila mita moja na nusu katikati ya mtaro, vichwa vyao vyote vikiwa sentimita 20 juu ya sakafu na usawa mmoja. Hivyo ndivyo vitakuonyesha zege liishie wapi.

Jioni ya siku ya kabla, mwagia mtaro maji mpaka udongo ushibe. Asubuhi uwe na unyevu bila madimbwi. Ardhi kavu hunyonya zege kama tofali linavyonyonya mota.

Zege ni saruji 1, mchanga 3, kokoto 6. Mfuko mmoja wa saruji ni karibu lita 35, kwa hiyo kila mfuko unakwenda na ndoo 5 na robo za mchanga na 10 na nusu za kokoto, ndoo za lita 20. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo uweke maji, lita 25 hadi 30 kwa mfuko. Zege linalotiririka ni rahisi kusambaza na ni dhaifu. Limwage, lishindilie kwa kipande cha mbao mpaka mapovu yaishe, lisawazishe kwenye vichwa vya vijiti, ng'oa vijiti na uzibe matundu. Maliza mtaro wote siku hiyo hiyo. Funika kwa viroba vilivyoloweshwa, uvimwagie asubuhi, mchana na jioni kwa siku 3 kabla ya kuweka tofali la kwanza.

Kulowesha matofali

Hapa ndipo wengi wanaponea, au wanapoharibu. Chora duara la ukubwa wa sarafu kwenye uso wa tofali, dondoshea humo matone 20 ya maji. Yakinywewa yote kabla ya dakika moja na nusu, tofali hilo lina kiu na likilazwa kavu litaua mota. Matofali mengi ya kuchoma ya huku yatafeli kipimo hiki kwa sekunde chache.

Yatumbukize kwenye pipa, mapovu yapande mpaka yaishe, kama nusu saa. Yatoe, yapange kivulini, uyasubiri mpaka uso uache kung'aa. Tofali linalochuruzika nalo lina tatizo lake: linaelea juu ya mota, linateleza, na kozi ya nne ikilemea zile za chini zinatoka kwenye mstari. Unataka tofali lililoshiba ndani na lenye uso uliokauka. Lowesha ya saa moja mbele tu, mengine yakisubiri yatarudi kuwa makavu. Kumwagia rundo zima kwa ndoo, kama inavyofanywa mara nyingi, kunalowesha ya juu peke yake.

Kupanga kozi

Panga saa. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama saa nne, rudi saa kumi jioni. Katikati ya hapo jua na upepo vinashindana na wewe, na ukilazimika kufanya kazi, tundika turubai upande wa upepo.

Mota ni saruji 1 kwa mchanga 5 uliochekechwa. Pima kwa kopo la rangi la lita 4, kopo 1 la saruji na 5 za mchanga, uzijaze na kukata juu kwa mwiko. Koleo halipimi, koleo la mchanga wenye unyevu na la saruji kavu havifanani. Kiasi hicho kinatosha matofali 30 hadi 35, na mtu asiye mzoefu atakimaliza ndani ya saa moja. Mota iliyopita saa moja na nusu na kuanza kukaza usiifufue kwa maji. Itupe.

Kozi ya kwanza ipange kavu juu ya zege, rekebisha nafasi, weka alama za chaki. Kisha tandaza mota unene wa sentimita 1.5, laza tofali, likandamize kwa mkono na kuligonga kidogo kwa mpini wa mwiko mpaka kiungo kibaki sentimita 1. Tofali linalofuata lipakwe mota ya kutosha kichwani kabla ya kulisukuma. Kudokoa mota kidogo pembeni na kuacha tundu katikati ndiyo tabia mbaya kuliko zote. Kwa nje kiungo kinaonekana kimejaa, na ndani mvua ina njia.

Kwa ukuta wa tofali zima, kozi zinapishana. Kozi moja matofali yanalala kwa urefu, mistari miwili sambamba, na nafasi kati ya mistari hiyo inajazwa mota. Kozi inayofuata matofali yanakatiza ukuta, vichwa vikitazama nje. Hayo ya kukatiza ndiyo yanayofunga uso wa mbele na wa nyuma viwe ukuta mmoja. Ili viungo visiangukiane, kwenye kozi ya kukatiza weka tofali la mwisho, halafu kipande kilichopasuliwa kwa urefu wake (upana wa sentimita 5 hivi), ndipo uendelee na mazima. Kila mwisho wa ukuta una kipande chake. Bila hicho, viungo vya wima vitapandana kozi hadi kozi na ufa utapata njia iliyonyooka.

Inua ncha mbili kwanza, kozi nne kila moja, kwa ngazi. Chukua kijiti kilichonyooka, kiwekee alama kila sentimita 8, na kila kozi ifike kwenye alama yake. Pima wima wa ncha kwa timazi pande mbili. Zikishakaa sawa, funga kamba kutoka ncha hadi ncha, ivutwe isilegee, ujaze katikati. Acha nafasi ya milimita 2 kati ya tofali na kamba. Tofali moja linaloigusa linaisukuma nje, la pili linaifuata, na mwishoni ukuta una tumbo ambalo kila mpita njia analiona isipokuwa aliyejenga.

Ukigundua tofali limekaa vibaya baada ya mota kuanza kushika, usiligonge kulirudisha. Mshiko utakatika na hautaungana tena. Litoe, kwangua mota yote, lilaze upya.

Kozi nne kwa siku zinatosha kwa mtu mmoja, na hata ukiwa na mkono mwepesi usizidi saba. Kozi 5 za chini tumia matofali yaliyoiva kuliko yote. Ile inayotokeza usawa wa ardhi ilaze kwa mota nzito ya 1 kwa 3, na moja juu yake vivyo hivyo, kuzuia unyevu kupanda. Plastiki ya kuzuia maji, inayowekwa kwenye kuta za nyumba, usiiweke hapa: ukuta huu hauna paa wala ukuta mwingine wa kuushika, na plastiki inaukata sehemu mbili zinazoweza kuteleza.

Mota ikifikia kukataa alama ya kidole gumba, pitisha kipande cha nondo ya milimita 12 kilichopindwa kidogo kwenye kila kiungo, ukikandamiza. Uso wa kiungo unafunga na kung'aa. Kazi ya dakika kumi kwa kozi, na ndiyo inayoamua kama mvua za Desemba hadi Aprili zitaingia au zitachuruzika.

Kofia na kumwagilia

Juu ya ukuta ulioachwa wazi maji yanaingia moja kwa moja kwenye viungo. Tengeneza vipande 10 vya zege la 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4) chini, juu ya nailoni, kila kimoja sentimita 60 kwa 31, unene 5. Kabla zege halijakaza, kandamiza kamba ya unene wa kidole, sentimita 2 kutoka kwenye kila ukingo mrefu, uiondoe kesho yake. Upande wenye mifereji hiyo ndio utakaotazama chini. Mfereji unaangusha tone la maji kabla halijafika ukutani. Vipande vikae na unyevu siku 7, kila kimoja ni kama kilo 21, vilaze kwa mota vikiinama kidogo upande mmoja na kutokeza sentimita 4 kila upande.

Ukuta wenyewe ufunikwe kwa viroba vibichi tangu jioni ya siku uliyojenga. Kuanzia siku ya pili, nyunyiza kwa mkono au kwa bomba lenye matundu madogo, mara tatu kwa siku, siku 7 mfululizo. Nguvu ya maji isikwangue viungo. Wakati wa upepo mkali ongeza mara ya nne, saa nane mchana.

Kasoro na chanzo chake

Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo umetoka chini: msingi umezama upande mmoja, au maji ya mvua yanatuama hapo. Elekeza maji kwingine kwanza, kuziba ufa ni baadaye. Ufa ulionyooka wima ni wa viungo vilivyoangukiana, au ukuta mrefu usio na nafasi ya kupumua. Ukipita mita 10, acha mwanya wa sentimita 1 kutoka juu ya msingi hadi kofia. Chumvi nyeupe ipigwe brashi kavu. Ukiiosha inaingia ndani na kutoka tena. Na mota inayomwagika kwa msumari mwezi mmoja baadaye haina dawa ya kupaka: ikwangue sentimita 2 ndani, lowesha, jaza upya kwa 1 kwa 4, kisha nyunyiza siku 7.

Kama unataka lipu, subiri wiki nne ukuta umalize kusinyaa, ulowanishe usiku wa kabla, na upige asubuhi upande ambao jua halijafika.